Mazoezi ya Mwili na Afya ya Akili: Nini Kifanyike Katika Parokia Zetu

(Hotuba iliyotolewa na mratibu wa afya ya jamii mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe waliotaka kuisoma tena na kuipeleka vigangoni kwao.)



Nimepewa nusu saa, nami nitajitahidi nisiipitishe. Ratiba ya leo ina visima, ina mikopo ya vikundi, ina dawa na vyandarua. Katikati yake limewekwa neno moja, "mazoezi". Yawezekana wengine mlipoliona mlidhani ni mapumziko ya kunyoosha viungo kabla ya chakula. Sivyo. Ninaomba tulizungumze kama tunavyozungumza habari ya maji safi, kwa sababu ni jambo linalogusa uhai wa watu wetu, na ambalo kamati zenu zina uwezo wa kulifanyia kazi kuanzia mwezi ujao.

Ugonjwa tunaoutaja kwa sauti ya chini

Kila anayeshiriki jumuiya ndogo ndogo anawajua watu hawa. Yupo mama aliyefiwa na mumewe. Watu walijaa matangani, lakini baada ya arobaini hakuna aliyemwona tena jumuiyani. Yupo kijana aliyemaliza shule miaka mitatu iliyopita, ambaye sasa huamka saa sita mchana na kulala usiku wa manane. Yupo baba aliyekuwa nguzo ya sauti ya nne kwaya, siku hizi jioni zake zote zinaishia kilabuni.

Tunasema "ana mawazo". Tunasema "amebadilika". Wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Kwa wengi wetu mgonjwa wa akili ni yule tu anayeokota makopo barabarani, kwa hiyo hawa wengine hatuwahesabu. Lakini huzuni isiyoisha kwa wiki nyingi, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na ya kazi, na kujiona huna thamani, ni dalili za ugonjwa. Wataalamu wanauita sonona, na una tiba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 walikuwa na tatizo la afya ya akili la aina moja au nyingine, na sonona na wasiwasi uliopitiliza ndiyo yaliyoongoza. Mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Hao ni umri wa VIWAWA wetu, ndugu wajumbe.

Mwili na akili havikai nyumba mbili

Tumezoea kuugawa mwili na akili kana kwamba kila kimoja kina nyumba yake. Lakini mwenye mawazo mengi huumwa kichwa na tumbo, moyo humwenda mbio, usingizi humkimbia. Kama mawazo yanaweza kuuchosha mwili, basi mwili nao unaweza kuyatuliza mawazo. Nitaeleza kwa ufupi jinsi inavyotokea.

Mtu anapotembea kwa kasi, kukimbia au kucheza, moyo husukuma damu nyingi zaidi, na ubongo hupata sehemu yake. Mwili hutoa kemikali zinazopunguza maumivu na kuleta utulivu. Aidha, mwili unaozoea kazi hiyo mara kwa mara hujifunza kupanda na kushuka: moyo unaenda mbio, kisha unatulia. Mwenye wasiwasi anayeogopa kila moyo wake unapodunda hujifunza kwamba mapigo hayo si kifo.

Jambo la pili ni ubongo wenyewe. Mazoezi huongeza protini inayosaidia chembe za ubongo kukua na kuungana. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wazee 120. Nusu yao walipangiwa kutembea mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, na wenzao walifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Kwa waliotembea, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2. Kwa wenzao ilipungua, kama ipunguavyo kwa kawaida ya uzee.

La tatu ni usingizi, ambao mara nyingi huwa bora kwa mtu aliyeutumia mwili wake mchana. La nne ni watu. Ukicheza mpira wa pete unahitaji wenzako, na mtu akikosekana uwanjani ataulizwa. Hilo la nne ninaomba mliweke akilini, nitalirudia.

Tafiti zinasema nini

Sitaki mnichukue kwa maneno matupu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye sonona, wote wa umri wa miaka 50 na kuendelea. Kundi la kwanza lilipewa dawa, la pili lilifanya mazoezi ya pamoja mara tatu kwa wiki, na la tatu lilipata vyote viwili. Mwanzoni dawa ilifanya kazi haraka zaidi. Lakini baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Walipofuatiliwa hadi mwezi wa kumi, waliopona kwa mazoezi walionekana kurudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi, hasa wale walioendelea na mazoezi yao.

Norwei walifuatiliwa watu wazima wapatao 34,000 kwa miaka 11. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikadiria kwamba kama wote wangefanya mazoezi angalau saa moja tu kwa wiki, asilimia 12 ya sonona iliyojitokeza baadaye ingeweza kuzuilika. Na mwaka 2022 wachambuzi waliunganisha tafiti 15 zenye watu zaidi ya 190,000. Waliona kwamba hata waliofanya nusu ya kiwango kinachopendekezwa walikuwa na hatari ya sonona pungufu kwa asilimia 18 kuliko wasiofanya kabisa.

Kiwango kinachopendekezwa ni kipi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Utajuaje kwamba ni ya wastani? Wanakwaya watanielewa: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo. Na mwongozo huohuo unakumbusha kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

"Sisi ni wakulima, mazoezi ya nini tena?"

Swali hili nimeulizwa vijijini mara nyingi, na ni swali la haki. Mama aliyebeba ndoo tangu alfajiri, akalima, akachanja kuni, akarudi kupika, aje mtu kumwambia akimbie?

Jibu langu ni hili. Kwanza, kazi hiyo inaujenga mwili, na haidharauliki. Lakini tafiti zilizolinganisha aina za shughuli zimeona kwamba ule mwendo mtu anaoufanya kwa hiari, kwa burudani au kwa safari zake za miguu, ndio unaoambatana zaidi na afya njema ya akili. Kazi ya lazima haionyeshi faida hiyo kwa kiwango kilekile. Si ajabu. Jembe linaloshikwa kwa hofu ya njaa, peke yako, juani, halipumzishi moyo kama mchezo unaouchagua mwenyewe ukiwa na wenzako. Wazee wetu walilijua hilo. Walilima kutwa na bado usiku wakacheza ngoma.

Pili, si kweli tena kwamba sote tunalima. Vijana wengi wanashinda wamekaa juu ya pikipiki, dukani au kwenye simu. Safari ya kwenda kigangoni iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda. Mchakamchaka uliotuamsha tukiwa shuleni, wengi wetu hatujaugusa tangu tuvue sare. Duniani kote hali ni hiyo: mwaka 2022 karibu theluthi moja ya watu wazima hawakufikia kiwango nilichokitaja.

Tatu, hata kazi ya mikono husaidia akili ikipangwa vizuri na ikifanywa pamoja. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ni hospitali ya akili inayoendeshwa na ndugu zetu wa KKKT. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Huko bustani na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu. Serikali nayo, baada ya uhuru, ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili wanaopata nafuu, kama Hombolo huko Dodoma na Vikuruti nje kidogo ya Dar es Salaam. Siri yao ilikuwa ratiba, wenzako, na kazi ambayo mtu anaiona ikizaa.

Kumwambia mtu hakutoshi

Ndugu wajumbe, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tukiishia kutangaza baada ya Misa kwamba "mazoezi ni mazuri kwa afya ya akili", tutakuwa tumewasaidia wale ambao hawaumwi. Ugonjwa wenyewe ndio unaonyang'anya hamu ya kutoka. Ukimwambia mwenye sonona "jikaze, fanya mazoezi", umemwongezea kosa la kujilaumu. Atakwambia "nitakuja", na hatakuja, kisha ataona aibu kukutana nawe.

Katika kumsaidia mtu wa namna hii, wataalamu hawasubiri hamu ije kwanza. Humsaidia kuanza na tendo dogo, na hamu hufuata taratibu. Lakini tendo hilo dogo linahitaji mtu wa kulianzisha naye. Kwa hiyo badala ya kusema "njoo uwanjani", sema "nitakupitia kesho saa kumi na mbili asubuhi, tutembee hadi kisimani na kurudi". Usimpe ushauri njiani. Usimhoji. Tembea naye. Akitaka kusema, atasema. Watu wengi huona ni rahisi kufungua moyo wakitembea bega kwa bega kuliko wakikaliwa mbele na kamati nzima. Kesho kutwa mpitie tena.

Mazoezi husaidia akili yakidumu, na hudumu yakiwa na watu. Sisi tunao watu hao tayari. Kila jumuiya ina orodha ya nyumba zake na inajua nani hakuonekana wiki hii.

Msiuze uwanja

Sasa nisemalo huenda lisiwapendeze wote. Nasikia katika baadhi ya parokia linazungumzwa wazo la kutumia kiwanja cha michezo kujenga fremu za biashara au ukumbi wa kukodisha. Najua sababu. Parokia inahitaji mapato, na kiwanja kinaonekana kama ardhi iliyolala.

Ninaomba muhesabu tena. Jioni moja mkakae pembeni ya uwanja huo na kalamu, mwandike ni vijana wangapi wapo pale kuanzia saa kumi na moja hadi giza linapoingia. Kisha mjiulize uwanja ukifungwa watakuwa wapi saa hizo. Fremu italeta kodi kila mwezi, lakini hakuna fremu itakayomwuliza kijana "jana mbona hukuja?" Na ardhi ikishajengwa haitarudi kuwa uwanja. Kama ni lazima kujenga, tafuteni upande mwingine.

Hali kadhalika, tusiwe na viwanja vya wavulana peke yao. Binti wa miaka kumi na tano anaacha kucheza si kwa kuwa amechoka kucheza, bali kwa kuwa hakuna aliyempangia saa, na nyumbani vyombo vinamsubiri. Kamati ikimpangia saa na mlezi mwanamke wa kuaminika, akarudi kabla ya giza, wazazi wengi watamruhusu.

Mipaka

Kuna mambo ambayo mazoezi hayawezi, na tukiyaficha tutaumiza watu.

Mazoezi hayachukui nafasi ya matibabu. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kukimbia. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au asiyekula wala kulala kwa siku kadhaa, apelekwe kituo cha afya. Mtu akisema amechoka kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake. Kaeni naye, ondoeni karibu naye sumu za shambani na vitu vya hatari, na mmpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sala na dawa havigombani.

Wenye shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo, na akina mama wajawazito waanze kwa ushauri wa muuguzi au daktari. Na tusizidishe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu milioni 1.2, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi walikuwa na siku chache za kusumbuka akili kwa asilimia 43 kuliko wasiofanya. Michezo ya timu ilikuwa miongoni mwa iliyoonekana bora. Lakini nafuu kubwa ilikuwa kwa waliofanya kama dakika 45, mara tatu hadi tano kwa wiki. Kufanya saa nyingi zaidi hakukuongeza faida.

Mapendekezo kwa kamati

Ninapendekeza mambo sita, nayo yaingie katika mpango wa mwaka na si katika "mengineyo":

1. Kila kigango kichague siku mbili za mazoezi ya pamoja, saa ileile, mwaka mzima. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa Watanzania. Tuanze na hiyo kama hatujaanza popote, lakini tusiishie hapo, kwa kuwa mara moja kwa mwezi haitoshi.

2. Kila jumuiya iwe na watu wawili wa kupitia wenzao, mwanamume na mwanamke, waliofundishwa na muuguzi wa zahanati dalili za sonona na namna ya kutunza siri.

3. WAWATA wapange saa inayowafaa wao wenyewe. Saa kumi na moja jioni ni ya maji na jiko. Dakika thelathini za kutembea au kucheza ngoma kabla ya kikao chao zinaweza kuwafaa zaidi. Hakuna sare, khanga na ndala zinatosha.

4. UWAKA waanzishe bonanza la wanaume wenye umri mkubwa, na lisimalizikie kilabuni.

5. Wazee wapewe mazoezi yao: kusimama na kukaa kitini mara kadhaa, kutembea, na kujizoeza kusimama imara ili wasianguke.

6. Hati ya kiwanja itafutwe na kutunzwa.

Neno kwa wafadhili

Ndugu zetu wafadhili, mnatusaidia mengi nasi tunashukuru. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mipira, filimbi, kamba za kuruka, wavu, nauli ya muuguzi na posho ya siku chache za mafunzo. Kwa sababu ni ndogo, ni rahisi kuonekana haina uzito, na kwa kuwa haina jengo haina pa kuwekea bango.

Ninawaomba mtupime kwa kipimo kinachofaa. Msitudai idadi ya mipira iliyogawiwa. Tudaini daftari la mahudhurio: wangapi walikuja Januari, wangapi bado wanakuja Oktoba, wangapi walipitiwa nyumbani, na wangapi walifikishwa kituo cha afya. Mradi wa miezi mitatu hauwezi kuonyesha hilo. Tupeni kidogo, lakini mtupe kwa miaka mitatu.

Ndugu wajumbe, mtakaporudi nyumbani kila mmoja anamjua walau mtu mmoja asiyeonekana siku hizi. Msisubiri mafunzo wala mipira. Wiki hii mpitie, tembea naye nusu saa, na kabla ya kuagana mwambie siku utakayompitia tena. Kisha uende kweli.